Mabati ya Chepkube: Tumkumbuke Mzee wa Shamba

Kamati ya maadhimisho iliponipa kazi ya kuandika historia ya ushirika wetu upande wa Uganda, nilirudi kwanza kusoma majarida yetu ya nyuma. Wachungaji wamo, mikutano mikubwa ya Jinja imo, safari za ndugu wa Kenya zimo. Lakini kuhusu jengo letu la kwanza, lile la mlimani juu ya Mbale, tuliandika mstari mmoja tu: Bwana alitupatia mabati. Kweli alitupatia. Ila alipitisha kwa mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa mkulima wa kahawa. Familia yake wameniomba nisitaje jina. Sisi sote tulimwita Mzee, basi yatosha.

Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua. Yeye alihesabu kuanzia 1954, akiwa kijana. Mwaka huo Malkia wa Uingereza alikuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, na mwaka huo huo huku kwetu wakulima waliandikisha Bugisu Cooperative Union, ile BCU, ili kahawa yao ipitie chama chao wenyewe. Baba yake akaingia chama. Yeye akafuata umeme, akateremka Jinja, na baadaye akapata kazi katika kiwanda cha nguo cha Nytil. Huko Jinja aliokoka, si katika mkutano mkubwa, bali katika chumba kimoja cha wafanyakazi ambamo watu wa makabila matano waliomba kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Baba yake alipofariki alirudi nyumbani, maana ndiye kifungua mimba.

Aliniambia kwamba kurudi huko kulimuuma. Mshahara wa kila mwezi aliuacha, akaikuta miti ya kahawa imezeeka na magugu yamefika kiunoni. Lakini yule mzee alikuwa na mkono! Nimelala kwake mara nyingi nikiwa kijana wa kwaya, na saa kumi na moja alfajiri nilisikia jembe kabla ya jogoo. Kahawa yetu ya Masaba ni arabika, haitaki uvivu. Unachuma zilizoiva nyekundu peke yake, unazimenya siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, unaziacha zichachuke, unaziosha mpaka utelezi uishe, ndipo unaanika, na mvua ikija mnakimbia wote, hata mgeni. Migomba aliipanda katikati ili itoe kivuli na chakula. Mteremkoni alichimba mitaro kuzuia udongo. Majirani walimcheka kwamba anachimba makaburi. Machi 2010 mlima ulipoporomoka kule Nametsi, Bududa, ukafunika kijiji, hakuna aliyecheka tena, naye hakumkumbusha mtu. Alipakia matoke na maharagwe kwenye pikapu akapeleka kwa waliookoka na maporomoko.

Watoto wake wote walisoma kwa kahawa hiyo. Alipogawa shamba, bintiye mkubwa alipata sehemu sawa na kaka zake. Ukoo ulikaa kikao mara mbili juu ya jambo hilo, wala hakubadilisha.

Sasa nije kwenye mabati.

Julai 1975 baridi kali iliua kahawa Brazil, na bei ya dunia ikapanda ajabu. Lakini mkulima wa Uganda wakati wa Amin hakuiona bei hiyo. Alipeleka kahawa chamani, akasubiri malipo miezi, na shilingi zenyewe hazikununua sabuni. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, likachipuka soko la Chepkube. Watu walivuka usiku na magunia kichwani, wengine na punda, wakarudi na chumvi, sukari na blanketi. Askari wakikukuta, hukurudi. Mzee naye alivuka. Ndiyo, wapendwa, alifanya magendo, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka niandike.

Kule ng'ambo alisalimia "mulembe," na Wabukusu wakaitikia "mulembe," maana Wagisu na Wabukusu husikilizana hata bila mkalimani. Mmoja wa wanunuzi alikuwa ameokoka. Wakaomba pamoja nyuma ya magunia. Septemba 1977 Amin alipopiga marufuku madhehebu 27, yetu ya kilokole yakiwemo, ndugu huyo alimpa Biblia, na Mzee akazivusha ndani ya gunia la chumvi. Kwa muda ule wote ibada zetu zilikuwa katika migomba yake, bila ngoma, mapambio yakiimbwa kwa kunong'ona. Mkewe alikaa njiani akichambua maharagwe. Akikohoa mara mbili, watu hutawanyika. Ushirika wetu wa nchi mbili ulianzia hapo, miaka mingi kabla ya kuwa na katiba na muhuri.

Amin alipoanguka 1979, tulijenga. Pesa ya mabati aliitoa Mzee, na ilikuwa ya Chepkube.

Baadaye jambo hilo likamsumbua. Wazee wa kanisa hawakukubaliana. Wengine walisema kahawa ilikuwa jasho lake, aliyemwibia ni serikali. Wengine wakafungua Warumi 13. Mimi naona wote walikuwa na haki kidogo, ila kidonda chake kilikuwa kwingine. Dawa ya kupulizia miti ile alikopa kwenye chama cha msingi pale kijijini, chama cha majirani zake, kisha kahawa akaipeleka ng'ambo. Deni likabaki kwa waliokuwa waaminifu. Alikwenda akamwambia karani anataka kulipa. Karani akacheka: "Mzee, vitabu vya wakati ule viliisha kuliwa na mchwa. Nani anakudai?" Akajibu kwamba anajidai mwenyewe. Alilipa kwa kahawa iliyooshwa na kukauka, misimu mitatu, na kila mara alisimama pale mpaka iandikwe kwenye daftari.

Risiti za misimu hiyo zimo ndani ya Biblia yake ya magendo. Bintiye alinionyesha mwezi uliopita nilipopanda kuaga kabla ya maandalizi. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani.

Mwaka huu tunaezeka upya, wale wa Jinja wameshachanga. Kamati iliuliza mabati ya zamani yauzwe wapi. Binti aliomba mawili, yale yasiyo na kutu sana, ya kufunikia kahawa mvua ikija. Tumempa manne.