Fedha Zilizookolewa na Kodi ya Mfanyakazi: Historia ya Ahadi Moja Nchini Tanzania

Katika historia ya fedha za umma nchini Tanzania kuna maswali mawili ambayo yamejadiliwa kwa muda mrefu katika vikao tofauti na kukutanishwa mara chache: fedha za serikali hupotelea wapi, na mwenye kipato kidogo atozwe kodi kiasi gani. Swali la kwanza limekuwa kazi ya wakaguzi, tume za uchunguzi na kamati za Bunge, na la pili limekuwa likirudi kila msimu wa bajeti kwa shinikizo la vyama vya wafanyakazi na malalamiko ya wakulima. Hoja kwamba fedha zinazookolewa kwenye ubadhirifu zitumike kumpunguzia mwananchi kodi huyaunganisha maswali hayo, na kwa sababu hiyo imependwa na wanasiasa wa vyama vyote. Hata hivyo, historia ya Tanzania Bara inaonesha kwamba shilingi inayookolewa huifikia familia ya mfanyakazi pale tu ambapo uokoaji wenyewe unajirudia kila mwaka, na pale ambapo nafuu moja haifutwi na makato mengine yanayopitishwa kimyakimya.

Kodi ya kwanza iliyowafikia watu wengi wa bara ilikuwa kodi ya kibanda, iliyotangazwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, ambapo nyumba ya kijijini ilitakiwa kulipiwa rupia 3 kwa mwaka. Lengo lake halikuwa mapato peke yake, kwa kuwa asiyekuwa na fedha taslimu alilazimika kuuza mazao au kwenda kufanya kazi ya ujira katika mashamba ya walowezi, na manung'uniko yaliyotokana na kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, yalichangia kuzuka kwa Vita vya Majimaji mwaka 1905. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mfumo huo kwa jina la kodi ya kibanda na kichwa, na chini ya Gavana Donald Cameron, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, sehemu ya makusanyo ilibaki katika hazina za wenyeji zilizosimamiwa na machifu. Katika vipindi vyote viwili mlipaji hakuwa na bunge wala mkaguzi wa kumhoji mtumiaji wa fedha zake, hivyo wazo la kumrudishia chochote halikuwa na mahali pa kuanzia.

Ubadhirifu mkubwa zaidi uliowahi kushuhudiwa Tanganyika wakati wa ukoloni ulitokana na fedha za mlipa kodi wa Uingereza. Mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulikusudiwa kuipatia Uingereza mafuta ya kula wakati chakula kikiendelea kutolewa kwa mgawo huko baada ya vita, lakini ulianzishwa bila uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua, na matrekta yaliyoletwa hayakuwa ya kung'oa vichaka vya Kongwa. Ulipositishwa mwaka 1951 ulikuwa umepoteza takriban pauni milioni 36, kiasi ambacho serikali ya London iliamua kukifuta katika vitabu vyake. Mkasa huo uliweka bayana jambo ambalo lingejirudia baadaye, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazopotea kwa uzembe na mipango mibovu hairudishiki, tofauti na fedha zilizoibwa, ambazo angalau zina mtu wa kudaiwa.

Baada ya uhuru, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliona kodi ya kichwa kuwa alama ya unyonge wa kikoloni, na mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kodi hiyo pamoja na ushuru wa mazao wa halmashauri viliondolewa. Nafuu hiyo haikugharimiwa na uokoaji wa fedha zilizopotea. Mwaka huohuo ilianzishwa kodi ya mauzo, yaani kodi inayoingizwa ndani ya bei ya bidhaa, na hivyo mzigo ulihama kutoka kwenye kichwa cha mtu kwenda kwenye vitu anavyonunua. Halmashauri za wilaya, zilizobaki bila chanzo cha mapato, zilivunjwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, na ziliporejeshwa mwaka 1984 zilikuja na kodi ya maendeleo, ambayo kwa sura yake yote ilikuwa kodi ya kichwa iliyopewa jina jipya. Kurejea kwa kodi hiyo kulitokea wakati nchi imebanwa na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na hasara za mashirika ya umma, ambayo kufikia miaka hiyo yalizidi 400 na mengi yakiendeshwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara isiyolipika.

Juhudi za kwanza za kupima ukubwa wa upotevu ndani ya serikali yenyewe zilifuata hali hiyo. Sensa ya watumishi wa umma ya mwaka 1988 ilifichua maelfu ya wale ambao baadaye wangeitwa watumishi hewa, yaani majina yanayobaki kwenye orodha ya malipo ingawa wenye majina wamefariki, wamestaafu, wameacha kazi au hawakuwahi kuwepo, huku mshahara ukiendelea kuchukuliwa na mtu mwingine. Mwaka 1991 kiliundwa chombo kilichojulikana kwa kifupisho LART, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya mikopo chechefu ya benki za umma, na katika muongo huohuo mpango wa mageuzi ya utumishi ulipunguza watumishi kutoka zaidi ya 350,000 mwaka 1992 hadi chini ya 280,000. Fedha zilizopatikana kwa njia hizo zilielekezwa zaidi kwenye kuziba nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, kwa masharti yaliyokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa maelfu ya familia, kubana matumizi kulimaanisha kupunguzwa kazi, wala si kupunguziwa kodi.

Msingi wa kitaasisi wa mjadala wa leo uliwekwa katika kipindi cha Rais Benjamin Mkapa. Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ilianza kazi Julai 1996, mwaka ambao Tume ya Warioba ilikabidhi ripoti yake kuhusu kero ya rushwa, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1998 kwa kiwango cha asilimia 20. Makusanyo yaliyoongezeka ndiyo yaliyoiwezesha serikali kufuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, hatua iliyowagusa wakulima na vibarua waliokuwa wamezoea kuwakimbia mgambo wa halmashauri wakati wa msako. Halmashauri zililipwa ruzuku ya fidia kutoka Hazina, na bila fidia hiyo huenda kodi ya kichwa ingezaliwa kwa mara ya tatu.

Mifano miwili ya fedha zilizorejeshwa hasa, kwa maana ya fedha zilizokuwa zimetoka na kuingia tena serikalini, ilitokea katika utawala wa Rais Jakaya Kikwete. Wa kwanza ni wa Akaunti ya Madeni ya Nje, maarufu kama EPA, iliyokuwa Benki Kuu kwa ajili ya kulipa madeni ya zamani ya wafanyabiashara wa nje. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulionesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa isivyo halali takriban shilingi bilioni 133, na sehemu ya fedha ilipoanza kurudishwa, Rais alitangaza bungeni mwezi Agosti kwamba ingeelekezwa kwenye kilimo, ikiwemo ruzuku ya pembejeo. Mfano wa pili ni wa rada ya kuongozea ndege iliyonunuliwa kutoka Uingereza, ambapo kampuni ya BAE Systems, baada ya kukiri mwaka 2010 kosa la utunzaji wa hesabu, ilikubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Wananchi waliziita fedha hizo chenji ya rada, nazo zikatumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Katika mifano yote miwili hakuna kodi iliyopunguzwa, na sababu yake inaeleweka kwa mantiki ya bajeti. Fedha zilizorejeshwa huja mara moja, ilhali kodi iliyopunguzwa huacha pengo kila mwaka, kama mtu aliyelipwa deni la zamani asivyoweza kwa malipo hayo peke yake kukubali mshahara mdogo maisha yake yote. Dawati au mfuko wa mbolea hununuliwa mara moja na kuonekana. Kodi ya mapato ya ajira, inayojulikana kama PAYE na inayokatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, inahitaji chanzo mbadala cha kudumu. Kiwango chake cha chini kilishuka hatua kwa hatua kutoka asilimia 14 hadi 13 mwaka 2013, kisha 12 na 11 katika miaka miwili iliyofuata, lakini hatua hizo zilitokana na madai ya vyama vya wafanyakazi na kukua kwa mapato, wala hazikuhusishwa na fedha za EPA au za rada.

Uhusiano kati ya fedha zinazookolewa na kodi ya mfanyakazi ulitangazwa kwa uwazi zaidi baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015. Safari za nje zilizuiwa isipokuwa kwa kibali maalumu, sherehe za Uhuru za mwaka huo ziliahirishwa na fedha zake kupelekwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam, na Machi 2016 wakuu wa mikoa walipewa siku 15 kubaini watumishi hewa. Uzito wa agizo hilo ulidhihirika mwezi uliofuata, pale mkuu wa mkoa wa Shinyanga alipoondolewa baada ya kutangaza kwamba mkoa wake hauna hata mmoja, ilhali uhakiki uliwakuta. Kufikia Mei majina yaliyoondolewa yalizidi 10,000, na katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Dodoma Rais alitangaza kwamba kiwango cha chini cha PAYE kingeshuka kutoka asilimia 11 hadi 9. Tofauti na chenji ya rada, mshahara hewa ulikuwa ukilipwa kila mwezi, na kwa hiyo kuufuta kulileta akiba ya kila mwezi ambayo kwa hesabu ingeweza kubeba punguzo la kudumu.

Ukubwa wa nafuu yenyewe, hata hivyo, unahitaji kupimwa. Kiwango hicho cha chini kilihusu sehemu tu ya kipato iliyo kati ya shilingi 170,000, ambazo hazikutozwa kodi, na 360,000, hivyo mwenye kipato kinachotozwa kodi cha shilingi 300,000 alibakiwa na shilingi 2,600 zaidi kwa mwezi, na hakuna mtumishi aliyepata zaidi ya 3,800. Wakati huohuo nyongeza za mishahara na upandishaji wa madaraja vilisimamishwa kupisha uhakiki, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mikopo ya elimu ya juu kutoka asilimia 8 ya mshahara wa msingi hadi 15, kiasi kwamba mwalimu mwenye mkopo na mshahara wa shilingi 700,000 alikatwa shilingi 49,000 zaidi. Uhakiki wenyewe nao ulikuwa na gharama zake. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa. Mwaka 2018 baadhi ya waliokuwa wameondolewa kwa kuwa na elimu ya darasa la saba walirejeshwa, na mwaka 2022 serikali iliamua kuwarudishia walioghushi vyeti michango yao ya hifadhi ya jamii.

Ikumbukwe pia kwamba familia nyingi zinazofanya kazi nchini haziko kwenye orodha yoyote ya mishahara. Kwa mkulima, hatua yenye uzito ilikuwa ya mwaka 2017, pale ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huohuo ada ya mwaka ya magari ilifutwa, lakini ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, na kwa njia hiyo hata asiye na gari aliingia kwenye malipo kupitia nauli na bei ya bidhaa. Mtindo wa mwaka 1969 ulikuwa umejirudia.

Ulijirudia tena Julai 2021, ambapo kiwango cha chini cha PAYE kilishushwa hadi asilimia 8 mwezi uleule ambao tozo ya miamala ya simu ilianza, ikimgusa kila aliyetuma au kutoa fedha, pamoja na kijana wa mjini anayewatumia wazazi wake kijijini. Malalamiko yaliilazimisha serikali kuipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, na Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alilieleza Bunge kwamba tozo kadhaa zingefutwa au kupunguzwa, na kwamba pengo lingezibwa kwa kubana matumizi mengineyo ya wizara, yaani fungu la chai, vitafunwa, safari, semina na makongamano. Kwa mara hiyo uhusiano kati ya matumizi yaliyopunguzwa na tozo iliyoondolewa uliwekwa katika hesabu moja mbele ya wabunge, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa kabisa.

Tofauti kati ya matukio haya haikutokana na ukali wa viongozi. Fedha za EPA na za rada zilinunua vitu kwa sababu zilikuja mara moja. Mishahara hewa na posho za makongamano ziliweza kuhusishwa na kodi kwa sababu hujirudia kila mwaka katika vitabu vya serikali. Kwa hiyo Bunge linalotaka kumpa mfanyakazi nafuu inayodumu lina jambo la kudai zaidi ya taarifa ya kiasi kilichookolewa: fungu lililopunguzwa lioneshwe katika bajeti za miaka inayofuata, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali athibitishe kwamba halikurudishwa chini ya jina jingine, kama kodi ya kichwa ilivyorudi mwaka 1984.