Merikani Isiyotoka Marekani

Wale tuliokaa bweni moja miaka hiyo mtakumbuka kisa changu cha pazia la mchezo wa kuigiza. Mwaka 1977, nikiwa kidato cha pili, nilitumwa dukani kununua jora la merikani. Tulipolikunjua darasani nikaona mhuri: limetengenezwa Dar es Salaam. Nikatangaza mbele ya wote kwamba mwenye duka ametuibia. Mwanawe alikuwa ameketi nyuma yangu. Hakusema neno.

Mwalimu wetu wa historia hakunichapa. Alitumia kipindi kizima kutueleza habari za jora lile.

Jina hilo halikuanza kwa uongo. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akafika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kigumu kisichopaushwa, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ikakipeleka bara hadi Tabora na Ujiji, na huko kikatumika kama fedha. Watu wakakiita kwa jina la waliokileta. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya nchi hiyo, na huku kwetu kitambaa hichohicho kilinunulia watumwa. Hayo jina halikuyataja.

Kisha Wamarekani wakapigana wao kwa wao, 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Bombay na Uingereza zikapata nafasi. Wenye viwanda vya Bombay hawakuwa wajinga: walifuma kitambaa cha namna ileile, nacho kikauzwa kwa jina lilelile, kwa kuwa ndilo mteja alilouliza dukani. Neno likaacha kutaja nchi, likataja aina. Hata "Ulaya" ni neno la Kiarabu lenye maana ya wilaya, wala sijasikia mtu akilishtaki.

Jumamosi nilifuatana na yule mwenzangu hadi dukani kwa baba yake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Yamekwisha. Na nini tena?"

Pazia lilikuwa limepungua mikono minne.

"Merikani, mzee."

"Ya Dar es Salaam?" akauliza, huku akishusha jora.