Pima maji kabla ya kuchagua shawa: Mwongozo kwa wenye nyumba wa Kwale

WENYE nyumba wengi wanaokarabati bafu huanzia dukani. Huvutiwa na shawa inayong'aa, hulipa, kisha humwita fundi aje kuifunga. Katika Kaunti ya Kwale, hasa kwenye ukanda wa ufuo unaotoka Tiwi kupitia Diani na Gazi hadi Msambweni, utaratibu huo una hasara zake. Huko ni maji yanayoamua shawa ipi itadumu, ipi itaziba baada ya miezi michache, na ipi inaweza kumdhuru anayeoga.

Wahenga walinena kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni heri basi mtu ayajue maji hayo kabla ya kuvunja ukuta na kununua vigae.

MAJI YA MWAMBA WA MATUMBAWE

Sehemu kubwa ya ukanda huo imekalia mwamba wa matumbawe ya kale. Maji ya mvua hupenya upesi katika mwamba huo na kukusanyika chini kwa chini, yakielea juu ya maji ya bahari ambayo ni mazito zaidi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni isemayo kuwa kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hivyo pampu inayoshusha maji ya kisima kwa kiasi kidogo tu huweza kuyapandisha maji ya chumvi kutoka chini kwa kiasi kikubwa.

Wakazi wa Kwale wametegemea maji ya ardhini kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1980, eneo hilo lilikuwa miongoni mwa mahali ambapo pampu ya mkono ya Afridev ilifanyiwa majaribio kabla ya kuenea katika nchi nyingi. Visima virefu vya Tiwi navyo hutoa maji ya mfereji. Hata hivyo, si visima vyote vilivyo sawa. Nyumba iliyo hatua chache kutoka ufuoni yaweza kuwa na maji ya chumvi, ilhali ile iliyo upande wa bara ikawa na maji matamu.

Mwamba huo huleta jambo la pili, nalo ni chokaa. Maji yanayopita ndani yake huyeyusha chokaa na kuibeba. Dalili zake hujulikana jikoni: sabuni haitoi povu upesi, na ndani ya birika la chai hujengeka utando mweupe mgumu. Utando huohuo hujengeka katika matundu ya shawa na juu ya koili ya kupashia maji moto.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, ni cha chumvi. Kuna vipima-chumvi vidogo mfano wa kalamu ambavyo fundi mzuri huwa navyo, na sampuli ya maji yaweza pia kupelekwa katika maabara. Shirika la Afya Duniani (WHO) huyahesabu maji kuwa yenye ladha nzuri iwapo yana chini ya miligramu 600 za madini yaliyoyeyuka katika kila lita. Yakipita miligramu 1,000, ladha yake huanza kuwachukiza watu. Kipimo hicho ni cha ladha, lakini humpa mwenye nyumba picha ya kile kitakachopita katika mabomba yake.

Wakati wa kupima nao ni muhimu. Maji yaliyopimwa baada ya masika huonekana matamu kuliko yalivyo, kwa kuwa mvua imekijaza kisima. Wakati bora ni kiangazi cha Januari hadi Machi, visima vinapotekwa sana na chumvi kuongezeka.

MSUKUMO WA MAJI

Baada ya chumvi, jambo la pili ni msukumo. Nyumba nyingi hupata maji kutoka tangi lililo juu ya paa au juu ya mnara mdogo. Ili kupata msukumo wa bari moja, maji hayana budi kuwa mita 10 juu ya shawa. Tangi lililo mita mbili tu juu ya shawa hutoa msukumo wa bari 0.2, yaani sehemu moja ya tano.

Shawa ya mvua, ile yenye sahani pana juu ya kichwa, aghalabu huhitaji takriban bari moja ili inyeshe sawasawa. Ikifungwa chini ya tangi la kawaida, maji hudondoka katikati kama paa linalovuja. Dawa yake ni kuinua tangi au kuongeza pampu. Pampu nayo hutaka umeme, na umeme ukikatika mwogaji hubaki na povu mwilini.

AINA ZA SHAWA NA MAHALI PAKE

Shawa ya kawaida ya ukutani, isiyopasha maji moto, hufaa nyumba nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Hali ya hewa ya pwani ni ya joto, na maji ya tangi lililo juani huwa vuguvugu ifikapo alasiri. Shawa hii hufanya kazi kwa msukumo mdogo, haina umeme, na kichwa chake hubadilishwa kwa urahisi kikiziba.

Shawa ya mkono, ile yenye mpira, ni ndugu yake wa karibu. Humfaa mzee anayeoga akiwa ameketi, mtoto mdogo, mgonjwa, na yeyote anayetaka kujitohara bila kulowesha kichwa. Ubaya wake ni kuwa mpira wenye ganda la chuma hafifu hushika kutu mapema karibu na bahari. Mpira wa plastiki imara hudumu zaidi.

Shawa ya mvua hupendwa katika nyumba za wageni za Diani. Mbali na msukumo, hapana budi kuhesabu maji. Shawa ya kawaida inayotoa lita 10 kwa dakika hutumia lita 50 kwa dakika tano. Ya mvua inayotoa lita 20 hutumia lita 100. Familia ya watu watano wanaooga asubuhi na jioni itahitaji lita 500 kwa siku kwa shawa ya kwanza, na lita 1,000 kwa ya pili. Kwa ndoo na kata, lita 20 kwa kila mwogaji, familia hiyo ingetumia lita 200. Nyumba inayonunua maji kwa mitungi ya mkokoteni haina haja ya kuelezwa zaidi.

Shawa ya bustani ni jambo la busara kwa nyumba iliyo karibu na ufuo. Huondoa mchanga na chumvi ya bahari kabla mtu hajaingia ndani, na hivyo huokoa mfereji wa maji machafu usizibe.

HATARI YA SHAWA YA UMEME

Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo imeenea sana Kenya kwa sababu ni ya bei nafuu na haihitaji tangi la maji moto. Nyingi hutengenezwa Brazili, ambako hutumiwa na mamilioni ya watu. Zaidi ya hayo, nyingi zimeundwa kwa ajili ya msukumo mdogo wa tangi la paa.

Lakini katika nyingi ya shawa hizo, koili ya umeme iko wazi ndani ya maji. Maji matamu hupitisha umeme kwa kiasi kidogo mno. Maji ya chumvi huupitisha kwa wingi, na umeme huo huweza kumfikia mwogaji kupitia maji yanayomwagika au mfereji wa chuma anaoushika. Mtu aliyelowa na kusimama peku ni mwepesi sana wa kudhurika. Anayehisi kuchomwachomwa vidoleni anapofungua maji asilipuuze jambo hilo. Azime umeme, na shawa isitumiwe hadi ikaguliwe.

Ziko shawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa isigusane na maji. Huuzwa nchini na huandikwa hivyo kwenye kasha. Mnunuzi asome kijitabu cha maelezo, atazame kiwango cha chumvi kinachokubaliwa, kisha akilinganishe na kipimo cha kisima chake. Atafute pia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Hata shawa ya aina hiyo hutaka mambo matatu. La kwanza ni waya wa kupeleka umeme ardhini, uliofungwa na kupimwa. La pili ni kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kwa miliampia 30. Swichi ya kawaida ya kuzuia umeme kupita kiasi haifanyi kazi hiyo, kwani umeme unaoweza kuua mtu ni mdogo mno kuiangusha. La tatu ni waya wake pekee kutoka kwenye sanduku la umeme. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampia 23 kwenye umeme wa volti 240, na waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba ukibebeshwa mzigo huo utaungua. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Gharama nayo ihesabiwe. Dakika 10 za shawa ya wati 5,500 hula karibu uniti moja ya umeme. Watu wanne wakioga hivyo mara moja kwa siku, nyumba itatumia takriban uniti 110 kwa mwezi kwa kuoga tu.

JUA LA PWANI

Mahitaji ya maji moto yapo, japo si ya kila siku. Alfajiri za upepo wa kusi, kati ya Juni na Agosti, huwa na ubaridi. Mzazi aliyejifungua, ambaye kwa desturi ya pwani hukandwa kwa maji moto, na wazee wenye maumivu ya viungo huyahitaji pia. Kwa nyumba kama hizo, na kwa nyumba za wageni, hita ya jua yafaa kufikiriwa kabla ya umeme. Hita hiyo humwondolea mwogaji hatari ya koili iliyo juu ya kichwa chake, mradi koili ya akiba iliyo ndani ya tangi, ikiwapo, ifungwe kwa kanuni zilezile.

Panapo maji ya chumvi au chokaa, ichaguliwe hita ambayo maji ya kisima hayapiti ndani ya paneli, bali hupashwa na maji mengine yanayozunguka peke yake. Paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo, kwa kuwa Kwale iko kusini kidogo ya ikweta. Isiwekwe chini ya mnazi, maana dafu moja linatosha kuvunja vioo. Wala isipachikwe juu ya paa la makuti. Tangi la lita 200 lina uzito wa zaidi ya kilo 200 likijaa, nalo hutaka mnara wake. Mwisho, maji yake yaweza kupita nyuzi 60 za joto na kumbabua mtoto kwa sekunde chache, hivyo ni lazima pawepo vali ya kuyachanganya na ya baridi.

VYUMA, SAKAFU NA MAJI MACHAFU

Hewa ya bahari hula chuma. Mifereji ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 hushinda ile ya aloi nyepesi iliyopakwa rangi ya fedha, ambayo hubambuka upesi. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto yanafaa kuliko ya chuma. Kichwa cha shawa kiwe na matundu ya mpira laini ambayo chokaa yake hupukutika kwa kusuguliwa na kidole. Kikiziba, kilowekwe katika siki kwa saa chache.

Mabomba yajazwe maji na kupimwa kabla vigae havijabandikwa, kwani kuvunja kigae kipya ni hasara maradufu. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, na vigae visiwe vya kuteleza. Mchanga wa ufuoni usitumiwe kwa lipu wala zege, kwa sababu chumvi yake huozesha nondo na kubandua lipu.

Kadiri shawa inavyomwaga maji mengi ndivyo shimo la maji machafu linavyojaa. Mwamba wa matumbawe una nyufa zinazopitisha uchafu kwa kasi, hivyo shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Nyumba inayopanua bafu bila kuangalia shimo lake huweza kuja kuoga maji yaleyale iliyoyamwaga.

UTARATIBU WA KUFUATA

Mwenye nyumba apime chumvi wakati wa kiangazi. Apime urefu kutoka chini ya tangi hadi mahali pa shawa. Ahesabu waogaji na maji yanayopatikana kwa siku. Amwite fundi wa umeme akague waya wa ardhini hata kama hanunui shawa ya umeme. Hapo ndipo aende dukani, akiwa na vipimo hivyo mkononi.

Kwa anayepangisha nyumba, jukumu ni kubwa zaidi, kwani mpangaji au mgeni huingia bafuni bila kujua kisima kina maji gani wala nyaya zimefungwaje. Iwapo maji ni ya chumvi na haiwezekani kufunga shawa iliyotengenezwa kwa ajili yake pamoja na kinga zote tatu za umeme, shawa ya kawaida ya maji baridi ndiyo chaguo sahihi, na ndoo ya maji moto kutoka jikoni itamfaa anayeihitaji.