Kuvu Iliyoshusha Bei ya Kortisoni

Mnamo Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo mjini Rochester, Marekani, tabibu Philip Hench alimdunga sindano ya kortisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na hazikupita siku nyingi mwanamke yule, ambaye hata kujigeuza kitandani kulikuwa adhabu, akainuka akatembea. Hench na wenziwe, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walitunukiwa Nobeli mwaka 1950. Lakini wagonjwa wengi waliambulia habari tu, kwa kuwa dawa ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na gramu moja ikauzwa dola 200.

Nusu ya ufumbuzi ilikwisha kuchimbwa Mexico. Mwaka 1942 mwanakemia Russell Marker, mtu mkaidi kwelikweli, alikwenda Veracruz kutafuta kiazi kikuu cha mwituni kiitwacho na wenyeji cabeza de negro, chenye ganda gumu jeusi lililopasukapasuka, na ndani yake akapata diosijenini, malighafi ya projesteroni. Ili projesteroni igeuzwe kortisoni, kizuizi kikuu kilikuwa kuipachika oksijeni kwenye atomu ya 11 ya kaboni, kazi iliyowatoa jasho mabingwa wa kemia.

Kazi hiyo ilifanywa kwa wepesi na kuvu. Mwaka 1952 Durey Peterson na Herbert Murray, wa kampuni ya Upjohn mjini Kalamazoo, walitangaza kwamba Rhizopus, kuvu ya udongoni, ya jamii ile ile iozeshayo viazi vitamu ghalani na kuvifunika kwa nyuzi za kijivu zenye vichwa vyeusi, ikilishwa projesteroni huitia oksijeni mahali pale pale panapotakiwa. Kwa hakika kuvu haikuizaa dawa, bali ilifupisha njia ya kuifikia. Na ilipofika 1980 gramu ilikuwa chini ya dola moja.

Uingereza ilishika njia nyingine, nayo yatuhusu: utomvu wa mkonge wa Afrika Mashariki, ambao aghalabu ulikuwa ukimwagwa baada ya katani kutolewa, una hekojenini, ambayo tayari ina oksijeni kwenye atomu ya 12, jirani na ile ya 11, na kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengenezea kortisoni.

Kwa rai yangu, ikiwa Hench alistahiki Nobeli kwa kumwinua mgonjwa mmoja, Peterson na Murray, waliowafungulia njia maskini, waliistahiki pia, nao hawakupewa.