Parkinson na dawa za usingizi: mambo ya kumwambia daktari mbele ya upasuaji

Ugonjwa wa Parkinson unaleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili, kwa sababu ubongo unapungukiwa na dopamini. Si uchawi. Dawa yake kuu ni levodopa, na nguvu yake inaisha kwa saa chache tu.

Mgonjwa akienda kupasuliwa, hapa Bunia ao kule CME Nyankunde, familia imwonyeshe daktari wa usingizi dawa zote na saa za kumeza.

– Levodopa isikatwe ghafula: kumeza na kupumua kunaweza kuwa shida. Kwa kawaida inamezwa hata asubuhi ya upasuaji, kwa maji kidogo, daktari akikubali.
– Halothani, gesi ya zamani, ikikutana na levodopa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa jambo hilo isoflurani na sevoflurani ni afazali.
– Metoklopramidi, yaani Primperan, dawa ya kuzuia kutapika, inapinga dopamini. Iepukwe.
– Anayemeza selejilini asipewe petidini.

Wapendwa, mgonjwa asiache tembe kwa sababu ya kufunga na kuomba. Tumwombee, na dawa zake tuzibebe mpaka hospitali.