Mashine ya usingizi huathirije kupona baada ya upasuaji?

Mgonjwa wa kambi ya Dzaleka nchini Malawi anayehitaji upasuaji mkubwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka kambini. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, na leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kabla ya upasuaji, jamaa huuliza nani atakayepasua. Ni wachache wanaouliza kuhusu mashine iliyo kichwani mwa kitanda.

Dawa ya usingizi kamili, ambayo wengi huiita nusu kaputi, hudhoofisha upumuaji. Mvuke wake ukizidi, shinikizo la damu hushuka na mgonjwa huchelewa kuzinduka. Oksijeni ikikosekana kwa dakika chache tu, ubongo huweza kudhurika hata kama kidonda kimeshonwa vizuri.

Mashine nyingi hutegemea oksijeni ya mtungi na umeme usiokatika, mambo ambayo hospitali nyingi za Malawi haziwezi kuyahakikisha. Paul Fenton, daktari wa usingizi kutoka Uingereza aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, alibuni mashine iitwayo UAM, inayochuja oksijeni kutoka hewani. Umeme ukikatika, pumzi ya mgonjwa mwenyewe, au mvukuto unaosukumwa kwa mkono, huendelea kupitisha hewa ya kawaida pamoja na dawa.

Hata hivyo, hatari haiishii mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Utafiti wa Fenton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la BMJ, ulifuatilia upasuaji wa uzazi 8,070 nchini Malawi. Wanawake 85 walifariki, 68 kati yao wakiwa wodini baada ya upasuaji. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliochomwa ganzi ya mgongoni kuliko waliolazwa usingizi kamili, ingawa ni kweli pia kwamba mgonjwa mahututi mara nyingi hafai kupewa ganzi hiyo.

Ndiyo maana kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni katika damu, kina thamani kubwa. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, limevisambaza Malawi. Kikiendelea kutumika hadi mgonjwa azinduke kabisa, humwonya muuguzi kabla midomo haijabadilika rangi.

Kwa mkimbizi, lugha nayo ni sehemu ya usalama. Wahudumu wa Lilongwe huzungumza Chichewa na Kiingereza, na huuliza mgonjwa alikula saa ngapi, dawa gani humdhuru, na kama aliwahi kupewa usingizi. Chakula kilicho tumboni kinaweza kuingia mapafuni koo likiwa limelala. Kutikisa kichwa kwa adabu si jibu. Asiyeelewa ana haki ya kuomba mkalimani.

Baada ya kurejea kambini, koo kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida kwa aliyewekewa mpira wa kupumulia. Kupumua kwa shida, homa, kuchanganyikiwa, au maumivu makali ya kichwa yanayozidi anapoketi baada ya ganzi ya mgongoni, humtaka arudi kituo cha afya siku hiyo hiyo.