Jina Ubavuni mwa Upanga: Nakshi za Silaha za Ujerumani

Kuanzia karne ya 9 hadi ya 11, wahunzi wa bonde la mto Rhine, katika nchi za Wafaranki, walifua panga zilizoandikwa +VLFBERHT+ ubavuni. Herufi hizo hazikuchongwa. Nyuzi nene za chuma zililazwa juu ya bamba lililoiva motoni, zikapigwa nyundo mpaka zikashikana nalo. Uso uliposuguliwa, jina likajitokeza. Mwaka 864 Mfalme Charles Mwenye Upara alikataza kuwauzia Waviking silaha, lakini kati ya panga takriban 170 za aina hii zilizokwisha kupatikana, nyingi zimetoka Skandinavia na pwani za Baltiki. Jina lililodumu zaidi ya karne mbili haliwezi kuwa la mhunzi mmoja, na baadhi ya panga zina tahajia mbovu na chuma duni. Bandia zilianza mapema.

Katika karne ya 12 na ya 13 jina la fundi lilianza kuipisha dua, na IN NOMINE DOMINI ikaandikwa kwa herufi nyembamba. Karne ya 14 ilipoleta deraya za mabamba, upanga ulichongoka ili uchome kwenye maungio, na mpini ukarefuka utoshe mikono miwili. Mafundi wa Passau walichora mbwa mwitu anayekimbia, kwa mikwaruzo michache iliyojazwa shaba ya njano. Wahunzi wa Solingen, mji wenye vijito vya kuzungushia mawe ya kunolea, walimchukua mnyama huyo wakamfanya wao.

Karne ya 16 ilikuwa ya asidi. Chuma kilipakwa nta, mchoro ukakwaruzwa kwa sindano, asidi ikala palipobaki wazi. Daniel Hopfer wa Augsburg, bingwa wa kazi hiyo, aliihamishia kwenye uchapaji wa picha. Askari wa kukodiwa, Landsknecht, walivaa panga fupi zenye kikingio cha mkono kilichopinda kama herufi S. Lakini kwangu mimi, upanga uliosema kweli kuliko zote ni wa mnyongaji: butu nchani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata tu, na ubavuni umechorwa gurudumu la mateso, mti wa kunyongea, au Haki na mizani yake.

Bunduki zilipotawala vita baada ya katikati ya karne ya 17, upanga ukawa zaidi vazi la heshima. Karne ya 18 ikaleta mabamba ya buluu yenye dhahabu. Ya 19, vichwa vya simba na herufi za jina la mfalme kwenye mipini ya maofisa wa Prussia. Solingen wakati huo ilisafirisha mabamba matupu hadi Sudan na Sahara, yakatiwa mipini ya huko, na wanunuzi wakitafuta alama walizozizoea.

Mwaka 1938 sheria ya Ujerumani ililinda jina Solingen lenyewe. Leo linagongwa zaidi kwenye visu vya jikoni na mikasi, na kisu hakiruhusiwi kulibeba kama hatua kuu za kukitengeneza hazikufanyika katika eneo la mji huo.